Kambale Wametaga, Baba

Baba,

Kambale wametaga. Nimeanza na hilo kwa sababu njo neno ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza hali ya mama.

Mama yuko, ndani ya eda. Anakula kidogo. Juzi alikutengea bugali, akakumbuka sahani ikiwa tayari mkononi.

Lile bwawa ulilichimba Alunguli, ng'ambo ya mto, ulipoachishwa kazi ya reli. Watu wakitoka salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, walikuwa wanapita kukucheka: Lualaba imejaa samaki, muzee anachimba shimo! Uliwajibu, "Mutoni tunakamata tu. Hakuna mwenye anarudisha." Kuwalisha kambale hakukutusumbua, walikula mchwa na pumba, wakanona. Kuzaa ndiko kulikowashinda. Majike yalivimba matumbo, mvua zikapita, matumbo yakanywea. Mwisho ukaniambia, "Mwanangu, kambale anazaa wakati mutoni maji inapanda na kufunika majani. Humu hakuna maji inapanda." Tukachimba ukingo wa kina kifupi, tukauachia majani yaote, tukangoja mvua kubwa tufungulie kijito cha jirani kiingie. Homa ikakuchukua kabla ya mvua.

Siku ya arubaini yako, Baba Mudogo alikuja na treni kutoka Kibombo pamoja na jamaa. Alipofunua chungu akaona sombe, majani ya muhogo tu, alisimama katikati ya uwanja.

"Kaka yangu alichunga samaki mpaka kufa, na sisi tunakula sombe tupu? Muende mutoe zile kubwa!"

Vijana wakabeba nyavu, wakaanza kushuka mtoni kwenye mitumbwi. Mimi sikuwazuia. Yeye naye ni baba yangu.

Mama akatokea mlangoni. Na eda yake, Baba, mbele ya wanaume wote.

"Shemeji, zile kambale ziko na mayai. Kaka yako alingojea ile mayai mpaka macho yake ikafunga. Ukizitoa leo, unamuzika mara ya pili."

Vijana wakatua nyavu chini. Baba Mudogo akachukua kofia yake, akaenda stesheni bila kutia kitu kinywani. Waliobaki walikula, wakasema tumekunyima heshima. Mama alilia kuliko siku tuliyokuzika.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata. Nilifungulia kijito, maji yakapanda, yakafunika majani. Asubuhi nikakuta mayai yamenata kila mahali, madogo kama ulezi. Nikageuka nikaita, "Baba, kuja uone!"

Nilikaa pale pale kwenye matope. Kisha nikaingia majini nikawahamisha wazazi, wasije wakala watoto wao, kama ulivyonifundisha. Hata hivyo vyura walikula wengi, na wengine walikufa tu bila sababu. Waliobaki wamefika urefu wa kidole.

Mama akaniambia niwatie baadhi ndani ya ndoo, niwapeleke Kibombo. Treni ilisimama sana njiani, jua kali; nusu walifika wamegeuka matumbo juu. Baba Mudogo aliinama juu ya ndoo. Akawatoa wafu kwa mkono, mmoja mmoja, taratibu. Kisha akaenda kuleta jembe, akaanza kuwachimbia wazima bwawa. Anachimba kama wewe, Baba, amekunja mguu ule ule. Nilitazama pembeni.

Yeye naye alitazama pembeni. "Umuambie mama yako," akasema, "nitakuja." Basi.

Baba, Mungu akupanulie pale ulipolala. Mama bado hajaona kaburi lako huko Alunguli, wala hajaona watoto wa kambale. Eda imemfungia upande huu wa mto. Nakuahidi, siku itakapoisha nitampandisha mtumbwi mimi mwenyewe, nipige kasia. Tutakuja kwako kwanza. Akitaka kukaa, tutakaa.

Binti yako,
Mwamini