Kifungu cha Saba

Ofisi Kuu, Nairobi
6 Mei 1985

Mpendwa dada Kavutha,

Pokea salamu nyingi. Natumai u mzima huko Makadara, na baba yako Mzee Mutisya bado anachonga twiga wake karibu na Soko la Burma. Sisi huku hatujambo, ila kazi za mfumo huu mpya wa elimu zitatuua.

Nina neno dogo. Ripoti yako ya ukaguzi wa shule yetu ya zamani haijanifikia. Bila sahihi yako kwamba ina karakana, watoto wa darasa la nane hawatasajiliwa kwa mtihani, na mwisho ni tarehe 30 Juni. Bodi nimekwisha kuiambia kwamba karakana ipo. Kiti cha Naibu Mkurugenzi kimebaki hatua moja, siwezi kuaibishwa na shule niliyosomea mwenyewe. Tia sahihi tu, dada. Yaliyopita si ndwele.

Ndugu yako,
Gordon


Ofisi ya Ukaguzi, Makadara
13 Mei 1985

Bwana Gordon Aloo,

Salamu zimefika. Mimi mzima, baba mzima, ila vumbi la mbao linamkohoza.

Karakana nimeitafuta. Nimekuta ukuta unaonifika kiunoni na mbuzi wawili juu yake. Niandike mbuzi?

Hiyo ndwele unayoisema, mimi bado inaniuma. Waraka wa karakana niliuandika mimi, wiki sita, wewe ukipita na kikombe cha chai kuuliza nimefika wapi. Kifungu cha saba kilisema shule maskini zishirikiane karakana moja. Ukakifuta ili wakubwa wakuone mkali, kisha ukatia jina lako chini. Wazazi walipolalamika, ulisimama mkutanoni ukasema waliokosea ni "wale wasichana wa kuandika rasimu." Wiki iliyofuata nilikuwa huku, na meza isiyofunga droo. Sijasahau hata rangi ya tai uliyovaa.

Nitaandika nilichoona.

Kavutha Mutisya,
Mkaguzi


Ofisi Kuu, Nairobi
20 Mei 1985

Dada yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini si sana.

Wewe na mimi tumekula sahani moja kwa mama yangu. Leo mama huyo huyo, Mama Phelister, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi hapo shuleni. Utamtazamaje usoni? Watoto arobaini na wawili wakose mtihani kwa hasira zako? Nakukumbusha pia kwamba kuna nafasi za ukaguzi kule mpakani, na orodha ya uhamisho hupita mezani kwangu. Sipendi tufike huko.

Kaka yako,
Gordon


Makadara
3 Juni 1985

Bwana Gordon,

Habari za siku? Kikohozi cha baba kimepungua, asante kwa kutouliza.

Nihamishe. Barua yako ya vitisho ninayo, na bodi inajua kusoma.

Nataka kitu kimoja. Andika waraka mpya unaorudisha kifungu cha saba. Useme humo kwamba kiliandikwa na Kavutha Mutisya, na kwamba aliyekifuta ni wewe. Nakala kwa Katibu wa Wizara, nakala kwa kila mwalimu mkuu. Mambo ya watoto usiniulize mimi, soma waraka uliotilia sahihi.

Kavutha


Nairobi
28 Juni 1985

Dada Kavutha,

Salamu sijui nianzie wapi. Nimeandika. Waraka umetoka leo asubuhi, nakala zote, jina lako ukurasa wa kwanza. Saa nane Katibu akaniita. Kile kiti ameniambia nisikiulize tena.

Mama nimemwandikia mara mbili, hajibu. Umeshinda. Sasa sajili hao watoto, nakuomba, zimebaki siku mbili.

Kaka yako,
Gordon


Makadara
22 Julai 1985

Kaka Gordon,

Hujambo? Sisi wote wazima, na baba amepata wanafunzi.

Watoto walisajiliwa tarehe 17 Mei. Fomu nilizipeleka ofisi ya mitihani kwa mkono wangu. Waraka wako wa kwanza ulidai karakana yenye paa, benchi nane na fundi. Haukusema iwe ya nani. Ulikuwa na haraka ya kufuta kifungu changu, vilivyobaki hukuvisoma. Banda la baba lina paa, fundi ni yeye, na benchi walizileta wazazi. Watoto huja Jumanne na Ijumaa. Mpaka sasa wameharibu twiga watatu.

Aliyefagia banda ni mama yako. Nilimwonyesha barua yako ya vitisho, nikamweleza waraka ninaotaka uuandike.

"Mwache aandike," akasema. "Gordon tangu utotoni hasomi, anauliza tu jibu. Na umwambie tangu apewe gari la serikali hajanijia hata Krismasi."

Sitakuficha furaha niliyoipata siku ule waraka wako mpya uliponifikia. Niliusoma mara nne, mara ya mwisho kwa sauti, na karani wangu akapiga makofi.

Nasikia wanakuleta Makadara kuanzia Agosti. Karibu. Mama anasema Jumapili atapika samaki, uje kwa miguu. Mimi nimeitwa ofisi kuu, kwa hiyo meza yangu utaikuta wazi. Droo bado haifungi.

Dada yako,
Kavutha