Mtama Tuliotandaza Barabarani

Kijiji cha Ujamaa Mitundu,
Kupitia Itigi, Singida.
17 Agosti 1975

Mpendwa mdogo wangu Yeremia,

Pokea marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ungeanza kwa kuomba radhi kwa kimya chako. Hujambo? Mkeo Esta na watoto wanaendeleaje huko Tanga? Kifua chako kimepona? Sisi ni wazima. Mama bado analalamikia goti, lakini shambani anatutangulia.

Tangu tuhamie hapa kando ya barabara mwaka jana, nimefanya jambo linaloninyima raha. Wewe ndiye dereva pekee katika ukoo wetu, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Mtama wa shamba la kijiji ulikuwa mwingi, mikono michache. Nikawaambia wenzangu tuutandaze barabarani, malori yatupurie kwa magurudumu yake. Walinicheka, kisha wakanisifu. Kazi ya wiki mbili iliisha kwa siku tatu.

Hatukufagia vizuri. Punje zilibaki kwenye changarawe, swala wakazijua. Walikuja alfajiri na jioni, kundi zima. Mwanzoni lori likisikika tu mbali, walitimka. Baadaye wakazoea. Walisogea kando kidogo, na vumbi kabla halijatua walisharudi kuinamisha vichwa. Wa kwanza alipogongwa, kijiji kilikula nyama. Jirani yangu Hana akaniambia, “Dada, barabara imetuletea kitoweo mpaka mlangoni!” Nilicheka. Nilikula pia, sikufichi.

Wa tano alikuwa na mimba. Mimi ndiye niliyempasua. Tangu siku hiyo nyama ile siigusi.

Tandala, wale wakubwa wenye pembe za kusokota, wao wameingiwa na hofu ya barabara. Bwawa liko ng'ambo ya barabara. Nyayo zao zinafika ukingoni, zinazunguka hapo, kisha zinarudi porini. Majike wenye ndama hawavuki kabisa. Mzee Mathayo, mrina asali, amekuta ndama wawili wamekufa kwa kiu.

Katika mkutano wa kijiji nilisimama nikakiri kwamba wazo lilikuwa langu. Sasa tunapura uwanjani, na kila alfajiri nafagia barabara. Swala amebaki mmoja, jike. Alikuwa akisimama karibu kunisubiri nimalize, hanikimbii. Nikaanza kumpiga mawe, Yeremia. Nilimpiga huku nalia, ili atuogope tena. Jana nilimpata pajani, akaondoka akichechemea.

Ukipita huku na lori lako, tafadhali punguza mwendo tangu unapoanza kuona mashamba yetu, na uwaambie madereva wenzako.

Mama anakusalimu sana, pia shemeji yako Andrea, na Klara wetu ambaye sasa yuko darasa la tatu. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu aushike usukani pamoja nawe.

Leo asubuhi yule swala hakuja, wala barabarani hapakuwa na damu. Nimepiga magoti palepale kwenye vumbi, nikamwomba Mungu asimrudishe kwetu kamwe.

Akupendaye siku zote,
Dada yako Theodora