Nimeapa Juu ya Mkate wa Slava Kununua Prosesa Kubwa, Mjukuu Anataka ya Kati

Mpendwa mshauri Vidosava, mimi si mtu wa kuomba msaada, muulize yeyote hapa mtaani kwetu upande wa reli, lakini leo naomba, na kama huwezi kunijibu kabla ya Pasaka basi usijisumbue. Naitwa Svetozar, shule niliiacha darasa la nne kwa sababu baba alihitaji mikono na mimi nilikuwa nayo mikubwa, ndiyo maana barua hii naiandika polepole, na mke wangu Jelka anaisoma begani kwangu na kucheka, mwache acheke. Kiwandani kwetu nilisimamia mashine ya kukandamiza vigae mpaka nikastaafu, na haikusimama hata mara moja kwa kosa langu. Jiko la kuotea moto hapa nyumbani nimelijenga mwenyewe, mtaa mzima hakuna kubwa kama lile, likiwashwa Januari inabidi tufungue madirisha. Nakueleza haya ili ujue unaongea na nani.

Sasa jambo lenyewe ni prosesa, kile kidude cha ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu zote, mimi nilikuwa sikijui, sasa nakijua kuliko ninavyotaka. Nina mjukuu, Senka, mtoto wa binti yangu, kazi yake ni kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, anakuonyesha jua linaingia jikoni na meza imeandaliwa, kumbe pale mahali ni nyasi tupu. Ofisi moja ya wachoraji wa majengo kule Novi Sad imemwambia alete picha za jengo zima, ndani na nje, kabla ya Pasaka, zikipendeza anapata kazi. Na kompyuta yake ni kuukuu, inaganda katikati ya picha, inajizima, kazi yote inapotea, anaanza upya. Nikamwambia usilie, babu yako bado hajafa. Nikauza mtambo wangu wa kupikia rakija, ile pombe yetu kali ya matunda, mtambo wa shaba, niliurithi kwa baba, nao pia hakuna aliyekuwa na mkubwa kama ule. Kwa hiyo hela ipo, lakini ni ya mara moja, mtambo wa pili sina.

Ikafika slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, sisi ni wa Mtakatifu Nikola, nyumba imejaa, samaki mezani, mshumaa unawaka. Kum wangu Gligorije alikuwepo, ndiye aliyesimama nami kanisani siku ya ndoa yangu, na wewe unajua, ndugu unaweza kumnunia, kum huwezi. Tumeushika mkate, mimi upande huu, yeye upande ule, tunauzungusha kama inavyotakiwa, mara ananiambia kwa sauti ya kunong'ona, ile ya kunong'ona mpaka jikoni wasikie:

"Kum, mjukuu wangu Vukan nimemnunulia kompyuta yenye prosesa ya kati. Inapaa! Huyo Senka wako utamnunulia ipi, ya chini?"

"Ya chini kamnunulie mbuzi wako," nikamwambia. "Senka atapata kubwa kuliko zote zilizomo dukani, na mkate huu ndio shahidi wangu!"

Jelka akautazama mshumaa, akanitazama mimi.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Basi umegeni huo mkate, supu inapoa."

Mimi nilidhani Senka atafurahi. Tukaenda dukani, yeye na mimi, muuzaji mmoja mwenye upara akaziweka mbili juu ya meza, viboksi tu, kubwa na ya kati, na mimi nikashangaa maana kwa kuzitazama zinalingana, kubwa siyo kubwa. Ila bei ya kubwa ni kama mara mbili ya mwenzake. Muuzaji akaanza:

"Mzee, kwa kazi ya huyu binti, ya kati inatosha."

"Nimekuuliza inayotosha? Nimekuuliza iliyo kubwa!"

"Babu," Senka akanivuta mkono, "picha zangu hazitengenezwi na prosesa peke yake, kazi nzito inafanywa na kadi ya picha. Tuchukue prosesa ya kati, hela inayobaki tununue kadi nzuri na kumbukumbu ya kutosha. Tukichukua kubwa, hela yote itaishia hapo, halafu nitabaki na kadi yangu ileile kuukuu na itaganda vilevile."

"Itagandaje na ni kubwa?"

"Babu, watu wanatutazama."

"Watazame! Mimi naitwa Svetozar!"

Akavaa kofia yake, akaniambia taratibu, "Basi hiyo kompyuta ni ya kum Gligorije, siyo yangu, mpelekee yeye," akatoka, akapanda basi peke yake. Tangu siku hiyo haji supu ya Jumapili. Jelka anaweka sahani yake, halafu anaiondoa, haongei kitu, na hicho ndicho kibaya zaidi, maana Jelka kuongea huwa anaongea.

Na huku nyuma kum kila tukikutana sokoni ananiuliza, "Vipi kum, dude limeshafika? Nakuja kuliona likinguruma." Nifanye nini? Nikinunua kubwa nimelinda neno langu lakini Senka ameapa hataipokea, atakopa benki anunue yake. Nikinunua ya kati nimedanganya juu ya mkate, mbele ya mshumaa, nyumbani kwangu mwenyewe, na mimi katika maisha yangu sijawahi kurudisha neno. Nimefikiria pia ninunue ya kati halafu nimwambie kum ni kubwa, si imefungiwa ndani ya boksi, nani ataiona, yeye mwenyewe hata kuiwasha hajui. Jelka anasema nikifanya hivyo atamwita kum yeye mwenyewe na kumpa bisibisi aifungue. Wewe umesoma, niambie, lakini usiniambie tu kwamba nimekosea, hilo hata Jelka analiweza.

Svetozar, upande wa reli. Jina la ukoo msiliandike, ingawa najua watanijua tu.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Svetozar, shikamoo, na mpe Jelka kiti, mtu hasomi barua ndefu kama hii akiwa amesimama.

Umenikataza kukuambia umekosea, basi nitaanza na ulipopatia. Kuuza mtambo wa baba yako ili mjukuu apate kazi ni jambo ambalo wengi wangelisema tu wakiwa wamelewa, na asubuhi wangelisahau. Wewe umelitenda. Kwa hilo nakuvulia kofia.

Sasa kaa vizuri. Jiko lako kubwa kuliko yote mtaani linawafanya mfungue madirisha Januari. Umeniandikia hivyo mwenyewe, kwa kujisifu. Mzee wangu, hiyo ndiyo prosesa kubwa kwenye kompyuta ya Senka! Kuni zinaungua, joto linatoka nje, na supu haiivi haraka hata kidogo. Nimemuuliza fundi anayetutengenezea kompyuta hapa gazetini, sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Anasema prosesa kubwa ina watu wake, wenye kazi ambayo prosesa yenyewe inakokotoa kutwa nzima bila kupumzika. Kwa picha anazotengeneza Senka, kama anatumia kadi kuzikamilisha, kubwa itakaa inasubiri kadi, kama mashine yako ya vigae inavyosubiri udongo ambao haujaletwa. Ingekandamiza nini? Hewa? Mjukuu wako anaijua kazi yake kama wewe ulivyoijua yako. Kule kiwandani, mgeni angekuja akakuambia ufunge mota kubwa mara mbili kwa sababu kum wake amemcheka, ungemfanyaje? Usiniandikie jibu, gazeti hili linasomwa na watoto.

Kwa hiyo ununue ya kati. Usishuke hadi ya chini kwa hasira, maana wanaume wa aina yako nawajua. Ya kati, iliyo nzuri, na kadi ya picha atakayoichagua Senka, na kumbukumbu ya kutosha, na feni ya kuipoza isiyopiga kelele. Mwombe muuzaji, kwa adabu safari hii, ule ubao wa ndani unaoshikilia vitu vyote uwe wa aina inayoweza kupokea prosesa kubwa zaidi baadaye, Senka akija kuihitaji. Ila usiende kumwambia Gligorije kwamba neno lako umelitimiza kwa sababu nafasi ya kubwa ipo. Huo ni ujanja, na Mtakatifu Nikola hanunui ujanja. Lile wazo la kumwonyesha boksi lililofungwa na kusema uongo, hilo hata sitalijibu. Jelka amelijibu kwa bisibisi.

Tukija kwenye kiapo. Wewe unakihofia kweli, nami sitakucheka, kwa sababu neno lililotolewa juu ya mkate lina uzito na nyumba iliyozoea kulidharau haina slava, ina karamu tu. Lakini mkate ule hukuushika peke yako. Mikono ilikuwa minne. Aliyeushika nawe ndiye anayeweza kukufungua, na njia unaijua tangu ukiwa mtoto, sema unajifanya umeisahau kwa sababu inapita kwenye mlango wa Gligorije na kichwa chako kinagonga pale juu.

Najua rakija ya mtambo ule bado imebaki chupa moja, haiwezekani mtu kama wewe usiwe umeificha. Ichukue. Nenda kwake mchana, usimngojee sokoni mbele za watu. Mimina, kaa, halafu mwombe kama wazee wetu walivyoombana: kwa Mungu, kum, na kwa Mtakatifu Yohana, nifungue neno langu. Mtakatifu Yohana ndiye mlinzi wa makum, na kum akiombwa hivyo hakatai. Akikataa, aibu ni yake, na mji wote utakuwa upande wako. Mweleze kwamba mtambo umeuzwa, nina hakika hukumwambia. Ulimwambia tu utanunua kubwa, hukumwambia umelipia na nini. Mwache ainywe ile ya mwisho akijua ni ya mwisho. Tuone kama atauliza tena dude linanguruma vipi.

Atakutania, ndiyo. Atakutania hadi sikukuu ya Nikola ijayo. Vumilia. Mtu aliyesimama mbele ya mashine miaka yote ile hawezi kuangushwa na mzaha wa kum.

Lakini Gligorije ni wa pili. Kwanza Senka, na ni leo, kwa sababu Pasaka haimsubiri na kila Jumapili unayonuna ni picha ambazo hajazitengeneza. Usimpigie simu uanze kueleza mkate, mshumaa, jiko na kiwanda. Hakukimbia prosesa, mzee wangu. Alikimbia kusimama dukani huku babu yake akimnunulia mtu mwingine zawadi yake. Hela ya mtambo ulimpa yeye, basi mwachie aitumie. Mpigie, na akipokea, mwambie haya tu, halafu unyamaze hata kama itakuuma:

"Chagua wewe, Senka. Babu atabeba."

Na Jumapili, Jelka, sahani usiiondoe.