Karatasi ya Ini na Mbuzi Watatu

Mpendwa Shangazi Wakonyo, nisaidie nikiwa bado napumua. Mimi ni fundi wa kupiga magari rangi hapa Ruiru na nina mchumba, Wayua, mhudumu wa afya ya jamii huko Gatongora, na mwezi uliopita walipewa vikaratasi vya kupima ini, vidogo kama stempu, unadungwa kidole, tone la damu linatambaa lenyewe kwenye vijia vya karatasi mpaka kwenye kiduara na kiduara kinabadilika rangi, basi akanipima kwa sababu ya hii thina ya kuzimulia rangi ninayovuta kazini kila siku, akaangalia saa, akalinganisha na chati, akasema, "Oluoch, uko sawa, tupa hiyo kwa boksi," lakini sikutupa, Shangazi, niliificha kwa waleti nikaringie watu wa gereji, na kesho yake ilikuwa imekolea, siku ya tatu ikawa zambarau, na kwa ile chati zambarau ni ini limeisha. Mimi rangi ndiyo kazi yangu, rangi haiwezi kunidanganya. Nikajua Wayua aliona akanihurumia. Sijamuuliza, namkwepa tu, naogopa atalia. Mashine yangu ya kupulizia rangi nimempatia Philip tunayefanya kazi naye, na mbuzi watatu wa ntheo, ambao bila wao kwa Wakamba hakuna ndoa, nimeahirisha mara mbili nikisema wanaharisha, kwa sababu sitaki kuacha mjane. Sasa babake, Mzee Muthoka, amesema nisipofika nao Thika Jumamosi hii, nisahau bintiye. Nimwache aolewe na mtu mwenye ini?

Oluoch, Ruiru

Oluoch mwanangu, pole kwa hofu, maana hofu nayo ni ugonjwa. Lakini umenifanya nipaliwe na chai.

Hebu nikuulize wewe mtaalamu. Mteja akilalamikia rangi ikiwa mbichi, si unamwambia angoje ikauke, itabadilika? Kikaratasi nacho kina saa yake ya kusomwa, na Wayua aliiangalia. Muda ukipita, dawa iliyo ndani huendelea kukolea hata kama damu ni ya mtu mwenye afya kabisa. Wewe ukakitembeza na damu yako ndani ya waleti ya kununulia chapati, halafu ukakisoma kama wosia. Na mbuzi wa watu ukawasingizia tumbo.

Leo hii mrudishie Wayua hicho kikaratasi akitupe anakojua. Akupime upya, muangalie saa wote wawili, na ukibaki na wasiwasi nendeni hospitali upimwe maabara, kwa sababu kikaratasi kinakuonyesha njia tu. Vaa barakoa kazini, thina si marashi. Philip akikataa kurudisha mashine, mwambie marehemu ameikujia. Jumamosi mbuzi wawe Thika.

Ila kuna jambo moja silichekei. Wayua alikuambia ukweli siku ya kwanza, kwa mdomo wake, ukaamini karatasi ya mfukoni. Karatasi umeichungulia kila siku, na yeye umemkwepa mwezi mzima. Saa hii huyo msichana anaamini humtaki. Anza na hilo, kabla ya mbuzi.