Shangazi, Yule Paka Alikuwa Ananyonyesha

Mpendwa Shangazi,

Salamu zako zimenifika, na ombi lako pia: umezeeka, macho hayaoni mbali, unataka uhame Kau uje ukae kwangu Garsen. Najua husomi. Basi atakayekusomea asome kwa sauti, na jirani wakitaka kusikiliza wakae.

Nililetwa kwako nina miaka saba, mtoto wa kaka yako aliyekufa. Nyumbani kwako tulikuwa wawili wa kulishwa, mimi na yule paka wa madoa, na sote ulitupimia kwa neno moja: "Aliyeshiba hafanyi kazi." Paka hukumpa hata kichwa cha samaki, ati awinde panya wa mpunga. Mimi ulinipa ukoko. Niliugawa mafungu matatu, moja lake, mawili yangu, na hesabu nilikuwa bado sijafundishwa na mtu.

Ulikosea, Shangazi. Paka mwenye njaa hakai kuvizia panya. Huiba kilicho karibu. Siku aliyobeba kipande chako cha kambare ukasema avushwe. Kwetu paka mwizi hauawi, watu wanaogopa damu yake. Huvushwa mto, maana hafuati njia ya maji. Unamtia kikapuni, unafunga kawa juu, unamwacha ng'ambo, unarudi na mikono safi.

Mimi nilishika kikapu, wewe ulishika pondo la kuendeshea. Mtumbwi ulipofika katikati nikakwambia, "Shangazi, ana watoto. Wanne. Nimewaficha nyuma ya mtungi."

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

"Hata macho hawajafungua sawasawa. Basi hawatasumbua kufa."

Nikalia. Ukasema nikiendelea utanishusha naye, tukawinde pamoja.

Tulipomfungulia, paka alikaa ukingoni upande wa pili akiita. Mchana kutwa tulimsikia, na huku wanawe wakimjibu. Nilichovya kitambaa katika maji ya wali nikawatia midomoni. Wa kwanza alikufa siku ya pili. Wawili siku ya tatu. Siku ya nne ng'ambo kukawa kimya. Nilipotazama, mamba alikuwa amejianika pale pale alipokuwa akikaa paka. Wa mwisho akafa asubuhi hiyo. Ulinituma niwatupe mtoni, kwa kuwa jembe lilikuwa na kazi.

Msimu ule panya walikula gunia moja na nusu kati ya magunia matatu ya mbegu. Ukanipiga mimi.

Leo nina duka karibu na kivuko, ghala la magunia arobaini, na paka watatu. Kila asubuhi, kabla sijawafungulia madereva wa lori za Bwana Disii, mkuu wa wilaya, wanaosubiri kuvuka, nachemsha vichwa vya samaki, natoa miba, nachanganya na wali. Kila paka ana kifuu chake, maana wakila pamoja mdogo hapati. Maji nabadilisha mara mbili kwa siku. Jike akikaribia kuzaa namwekea sanduku la chai lenye gunia kuukuu, na watoto hawatoki humo kabla ya miezi miwili, tena hawaendi ila kwa mtu ambaye nyumba yake nimeiona.

Mama wa Kiorma anayeniletea maziwa hunicheka. "Wewe mama, watu nakosa maziwa, paka yako nakunywa kikombe?"

"Huyu ananyonyesha."

"Mimi pia nanyonyesha! Nipe sukari. Samaki kula wewe na paka yako."

Na panya? Mwaka mzima nimepoteza vibaba viwili vya mpunga. Hesabu hiyo ungeiweza hata wewe; vichwa vya samaki Kau vilikuwa vya kuokota.

Nimejaribu kukuhurumia. Nilikumbuka Idi mbili ulizonisuka nywele, mkono wako mwepesi, hata sikuumia. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayonichoma kuliko fimbo. Kumbe upole ulikuwa nao, ila sisi ulitunyima.

Basi sikiliza jibu. Chumba ninacho, na kitanda ninacho. Hutakilalia. Kila mwezi mwenye mtumbwi atakuletea pishi nne za mchele, chumvi, na mafuta ya taa chupa moja. Pishi nne ni vibaba kumi na sita. Nusu kibaba kwa siku, mwezi unaisha, kibaba kimoja kinabaki. Hicho umpe atakayekuchotea maji. Nimepika kipimo hicho mwenyewe, kinashibisha mtu mzima. Hutalala njaa hata siku moja kwa sababu yangu.

Lakini usije. Ukija utanikuta mlangoni, na mlangoni ndipo utakapoishia.

Siku utakayokufa waniletee habari upesi. Nitakuja Kau, nitakuosha kwa mikono yangu, nitakuvisha sanda, wala sitaacha haki yako hata moja. Kabla ya hapo usinitazamie.

Mtoto wa kaka yako,
Garsen