Kitanda cha Canter

Jumatano, 11 Desemba 2013
Bado pazia moja. Cherehani inakula uzi tangu asubuhi, nimeitukana mpaka nikachoka.

Uani nyundo haikomi. Mume wangu Wafula na Gatluak, mwenzake wa gereji, wako ndani ya Canter, lori letu. Ilibeba soda miaka yote, sasa ina kitanda, jiko la gesi, beseni la vyombo na madirisha mawili. Wameipaka buluu. Ati Krismasi twende kwao Kitale na nyumba yetu mgongoni kama kobe.

Mimi nataka ndege. Nimesema tangu Agosti. Miaka miwili hapa Gumbo, ng'ambo ya mto kutoka Juba, ndege zinapita juu ya kamba yangu ya nguo, na sijapanda hata moja. Mtu anakunywa chai Juba, chakula cha mchana anakula Nairobi. Wafula anasema kwa ndege unafika hujaona kitu. Barabarani tutalala tunapotaka, tutapika chai yetu, mtoto wetu Neema ataona nchi. Nikamwambia ataona vumbi na matako ya malori. Akanuna. Na mimi nikanuna.

Alhamisi, 12 Desemba
Kitanda kimekuwa kirefu mno. Gatluak alijilaza kwenye mbao, Wafula akapima. Jamaa ni mrefu kama nguzo ya stima. Anakuja nasi hadi Kitale, kisha aendelee Kakuma kwa mama yake. Alikulia kambini kule, ndiyo maana Kiswahili chake kinamshinda hata Wafula. Yeye anachomelea, Wafula ananyoosha bodi. Gereji moja, sufuria moja.

Chini ya kitanda wameweka sanduku la blanketi, lina mfuniko. Gatluak aliingia mle, akamwita Neema amtafute. Mtoto alicheka hadi akapata kwikwi. Ana miaka mitano. Anampenda kuliko sisi.

Ijumaa, 13 Desemba
Tulikuwa tutoke kesho. Hatutoki. Gatluak amekataa kabisa. Gari la kulala watu halianzi safari kabla watu hawajala karama, ndivyo wanavyoiita hapa sadaka ya safari. Lazima mbuzi achinjwe hapo mbele ya magurudumu, majirani wale, waombe. Na lazima iwe Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Nikamwambia, shemeji, ndege haingoji mbuzi. Akacheka. "Mama Neema, siku mbili tu. Kitale haihami."

Jumapili, 15 Desemba
Karama imefana. Mbuzi mmoja na watu thelathini, sijui walishibaje. Gatluak alipaka damu kidogo kwenye kila tairi, akaomba kwa Kinuer, akamalizia kwa Kiswahili ili Neema aelewe: twende salama, tufike wote.

Jioni akavuka daraja kwenda kwake mjini kuchukua begi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaondoka. Na mimi, aki, nimeanza kuitaka hiyo safari. Sijamwambia Wafula. Atavimba kichwa.

Jumatatu, 16 Desemba
Risasi. Tangu usiku. Sasa ni mchana na bado.
Tumelala chini. Neema ndani ya beseni la chuma.
Gatluak hajafika.

Jumatano, 18 Desemba
Amepiga simu! Yuko hai. Amekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kule Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Mji mzima umejisonga mle. Anasema jeshi limegawanyika, na Wanuer, watu wa kabila lake, wanatafutwa na askari nyumba kwa nyumba. Kaka yake ameuawa mlangoni pake. Alisema hivyo tu, halafu akauliza kama Neema amekula.

Zile chale sita za paji lake zinamsema kabla hajafungua mdomo. Wafula alilia mbele ya mtoto. Sijawahi kumwona akilia.

Alhamisi, 19 Desemba
Wamepanga, wao wawili, kwa simu. Jumamosi saa tatu asubuhi Wafula anavuka daraja na Canter. Gatluak atatoka kambini, amngoje kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu na geti. Ataingia kwenye sanduku la chini ya kitanda. Wanarudi Gumbo, wanatuchukua, tunashika njia ya Nimule, mpakani na Uganda.

Nikaenda kukunja nguo za Neema.

Ijumaa, 20 Desemba
Nimegombana na mume wangu kama sijawahi.

Asubuhi ubalozi wetu umetutangazia: kesho kuna ndege ya kuchukua Wakenya. Basi litapita Gumbo saa moja. Majina yetu yapo. Jina la Gatluak halipo wala haliwezi kuwapo.

Jirani alivuka daraja jana. Askari wanafungua kila kitu, hadi magunia ya mkaa. Nikamuuliza Wafula, wakifunua godoro? Wakimkuta mtu mle, wewe utakuwa nani? Mimi na Neema tutakuwa nani? Akasema, "Ni Gatluak." Nikamwambia najua ni Gatluak! Nampenda kama kaka yangu wa tumbo moja. Lakini nina mtoto mmoja.

Nilimwambia achague. Nililitamka neno hilo, naliandika hapa nisije nikalikana.

Amechagua. Alikaa ndani ya Canter saa nzima, akatoka na sura ya mgonjwa. Akanipa simu. "Mwambie wewe. Mwambie asitoke. Mimi siwezi."

Nimepiga. Haipatikani. Nimepiga mara ishirini au zaidi. Yule mwanamke wa mtandao anasema Kiarabu, halafu Kiingereza, halafu kimya. Nimetuma ujumbe, umegoma kwenda.

Wafula ameniuliza kama nimemwambia.
Nimesema nimemwambia.

Jumamosi, 21 Desemba
Nairobi.

Saa mbili tulikuwa uwanjani. Ua wa kambi ule pale, ukirusha jiwe linaingia. Simu bado haikushika. Ningemwambia Wafula ukweli, angetoka mbio, namjua. Angekwenda kwa miguu. Kwa hiyo nikashika mkono wa Neema, nikatazama mbele.

Nilipewa kiti cha dirishani. Tuliruka saa tatu na dakika chache. Chini kulikuwa na mahema na mabati, na watu wengi kama mchele uliomwagika. Nilitafuta kituo cha mafuta. Nilitafuta mtu mrefu. Ndege ikageuka, nikaona Nile, halafu mawingu.

Wafula hakuangalia nje hata mara moja. Ni kweli, kwa ndege unafika hujaona kitu. Laiti tungepita barabarani.

Jumanne, 31 Desemba
Kitale, kwa mama mkwe. Wafula alikuwa kisimani. Nikajaribu namba. Ikaita!

Si yeye. Kijana mmoja wa mle kambini. Gatluak alimwachia simu aichaji kwenye jenereta, ilikuwa imezima siku mbili. Alitoka geti Jumamosi ile asubuhi na begi lake. Alimwambia anangoja gari la buluu, litakuja, ni la ndugu zake. Hakurudi. Kijana aliniuliza kama mimi ndiye Mama Neema. Nikasema nimekosea namba.

Nimeifuta simu hiyo kwenye orodha ya zilizopigwa.

Jumapili, 12 Januari 2014
Mvua kidogo. Kanisani sikupokea komunyo.

Jirani wa Gumbo amepiga. Canter ipo palepale uani, haijaguswa. Neema akauliza kama Gatluak amelala kwenye kitanda chake kirefu. Wafula akamwambia, ndiyo mama, amelala.

Nilipofungua begi la nguo nimelikuta lile pazia la pili, sindano bado imechomekwa. Cherehani ya mama mkwe haina mkanda, nimemalizia upindo kwa mkono. Umekaa vizuri. Nimelikunja, nimeliweka kabatini.

Jioni Wafula alijaribu namba, kama kila jioni. Haipatikani. Akaweka simu mezani, akanishika bega. Alisema usingizi anaupata kwa jambo moja tu: kwamba nilimwambia asitoke.

Nikamwongezea chai.