Fundi Asiye na Cheti

Guangzhou, 9 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepoa na Mama hajambo. Mimi mzima, ila sina raha. Kazi yangu hapa ni kukagua magari yaliyotumika kabla hayajapelekwa bandarini Nansha. Jana nilimwambia Loïc, mteja wetu wa Lubumbashi, asinunue gari moja jeupe. Paipu ya breki imeliwa na kutu. Laoban, bosi wetu, akaniuliza mbele ya watu, "Cheti chako kiko wapi?" Fundi mwenye cheti akagonga muhuri bila hata kuinama. Loïc akanishika bega: "Ndugu, yeye iko na papier," yaani karatasi. Gari limepakiwa.

Baba, ulinitoa chuoni ukasema utanifundisha mwenyewe. Ulinifundisha. Sasa nani ananisikiliza?

Mwanao,
Heriel

Moshi, 20 Machi 2024

Mwanangu Heriel,

Marahaba. Mgongo unasumbua, lakini nalala. Miaka thelathini na nne watu wananiletea magari, hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Fundi ni mikono. Usinilaumu kwa sababu ya bosi mmoja mjeuri. Tafuta mwingine.

Baba yako

Guangzhou, 2 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Habari za huko nyumbani? Sikujua nianzie wapi barua hii. Odette, mke wa Loïc, amenipigia simu. Lile gari jeupe lilikosa breki mteremkoni, njia ya Likasi. Loïc amefariki.

Odette aliniuliza, "Ulijua?"

Nikasema nilijua, na nilimwambia.

"Ulimwambia mara ngapi?"

Mara moja, Baba. Nilipoulizwa cheti niliona aibu, nikazima tochi nikaondoka.

Tafadhali usiniandikie tena habari za mikono.

Heriel

Moshi, 30 Agosti 2024

Mwanangu,

Huku tu wazima, tunakuombea wewe na Odette. Barua mbili nimeziandika nikazichana.

Wiki iliyopita nilikwenda chuo cha ufundi, wanakowapima mafundi wa mitaani. Mama yako alinipigia ovaroli pasi. Mtahini, binti wa rika lako, akaniuliza mafuta ya breki yanabadilishwa lini. Nikasema, yakichafuka. Akanieleza kwa adabu kwamba hata yakionekana safi hunyonya maji, na maji yakichemka, breki hazishiki. Sikulijua hilo, Heriel. Tangu siku ile nayawaza magari yote niliyowaambia watu, "Nenda, liko sawa."

Nimefeli. Nitarudia Novemba, kila Jumamosi nakaa darasani na vijana.

Nilikutoa chuoni kwa sababu nilihitaji msaidizi gereji. Nikakwambia ni kwa faida yako. Nisamehe.

Baba yako